Video Ikimdhuru Mtoto, Nani Anawajibika?

Mwanao ameshika simu. Hakutafuta chochote, lakini video zinafuatana zenyewe, moja baada ya nyingine. Ikitokea moja inayomhimiza kufanya jambo la hatari, alaumiwe nani: mtoto, aliyeiweka mtandaoni, wewe mlezi, au kampuni iliyomletea?

Kinga ya mwaka 1996

Mitandao mingi ya kijamii tunayotumia ni ya kampuni za Marekani. Huko, Kifungu cha 230 cha sheria ya mwaka 1996 kinasema mtandao hauhesabiwi kuwa ndio msemaji wa yale yanayowekwa na watumiaji wake. Ni kama mwenye ukuta asiyeshtakiwa kwa tangazo lililobandikwa na mpita njia. Kwa kinga hiyo, kesi nyingi dhidi ya kampuni hizo zilitupwa mapema.

Nini kimeanza kubadilika?

Agosti 2024, mahakama ya rufaa ya shirikisho huko Philadelphia ilitoa uamuzi kuhusu mtoto wa miaka 10 aliyefariki mwaka 2021 baada ya kujaribu mchezo wa hatari ulioenea TikTok. Mama yake alidai kuwa mfumo wa TikTok wenyewe ndio uliompendekezea mtoto video hiyo. Majaji walisema kupendekeza ni kitendo cha kampuni, hivyo kinga haikifuniki. Uamuzi huo haukumpa mama ushindi, ila ulimfungulia njia ya kuendelea na kesi.

Nchini Uingereza, Septemba 2022, mchunguzi wa vifo alihitimisha kuwa maudhui ya mtandaoni yalichangia kifo cha binti wa miaka 14 aliyefariki mwaka 2017. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Usalama Mtandaoni. Kampuni isiyotimiza wajibu wake inaweza kutozwa hadi pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima, kutegemea kipi ni kikubwa zaidi.

Wewe ufanye nini?

Sheria huja polepole, tena mara nyingi baada ya msiba. Lakini swali walilouliza majaji unaweza kuliuliza nyumbani leo.

- Uliza “Hii ilikufikiaje?” badala ya “Kwa nini unaangalia mambo haya?” Mtoto asiyeogopa kulaumiwa husema mapema.
- Hifadhi ushahidi. Piga picha ya skrini inayoonyesha akaunti na tarehe, kisha ripoti ndani ya programu hiyo. Ikiwa ni picha ya utupu ya mtoto, usiinakili wala kumtumia mtu yeyote. Toa taarifa polisi.
- Mfundishe kukataa. Programu nyingi zina sehemu ya kubonyeza kuonyesha kuwa hupendi video fulani, ili zipungue za aina hiyo.
- Angalia mabadiliko. Halali vizuri, hali, anajitenga au anaficha simu kila unapokaribia? Kaa naye mzungumze.

Tafuta msaada mara moja mtoto akizungumzia kufa au kujiumiza. Usimwache peke yake; mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Ukiwa Kenya au Tanzania, piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure.