Neno la Mhariri: Shuka Mazinde

Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, angeweza kukaa milimani karibu na Vugha, kwenye kiti cha enzi cha Wakilindi. Akachagua kushuka. Alijenga Mazinde, bondeni, kwa kuwa misafara ya biashara ilipita hapo, na bidhaa zilizoingia na kutoka aliziona kwa macho yake.

Nimemkumbuka sana wakati wa kuandaa toleo hili, tulilowatengea wahasibu walio katika miaka ya mwanzo ya kazi. Vijana hao huniuliza swali moja kwa namna nyingi: nitaacha lini kuogopa? Nami huwajibu kwamba hofu itapungua kadiri unavyojua kila tarakimu iliyo mezani kwako imetoka wapi. Ukitaka kujua hilo, lazima ushuke.

Tuchukue mkonge, maana ndio uliolea wilaya hii ya Korogwe. Kijana anatoka Taasisi ya Uhasibu, au Chuo cha Uhasibu Arusha, au Ushirika Moshi, anaajiriwa shambani. Viwango vya kimataifa anavifahamu. Anajua kwamba tangu Januari 1, 2016 mimea inayozaa kwa zaidi ya msimu mmoja imehamishiwa kwenye kiwango namba 16, inahesabiwa pamoja na mitambo na majengo na kukatiwa uchakavu, ilhali mazao yanayokua juu yake yamebaki kwenye namba 41. Safi kabisa. Sasa aulizwe: huu mkonge wa kitalu cha chini utaukatia uchakavu kwa miaka mingapi?

Kiwango hakitamtajia idadi. Mnyapara atamtajia. Atamweleza kwamba mkonge hukatwa mara ya kwanza ukiwa na miaka mitatu hivi, kisha unaendelea kukatwa mwaka hadi mwaka mpaka utoe mlingoti wa maua, na ukishatoa mlingoti umekwisha. Atamwonyesha kitalu kilichopandwa kwenye udongo mzuri na kingine kilichosongwa na magugu, ambavyo havitaishi sawa. Mhasibu aliyetembea na mnyapara asubuhi moja anaporudi ofisini ana sababu ya kila mwaka alioandika. Mkaguzi akimhoji, hatababaika.

Kwenye korona, kiwanda cha kusindika majani ya mkonge, ni vivyo hivyo. Majani ya mkonge ni maji na nyama tupu. Singa, yaani nyuzi, ni kama asilimia 4 ya uzito wake. Tani 100 zikiingia, tegemea tani 4 hivi za singa. Mwenye kulijua hilo akiona daftari la korona limeandikwa tani 50 za majani na tani 1 ya singa, atainuka kitini kwenda kuuliza, wala hatasubiri kuulizwa. Pengine mashine ni mbovu, pengine mizani, pengine ni mkono wa mtu. Asiyelijua atajumlisha vizuri, mstari utakaa sawa, na mkulima wa chama cha ushirika, anayelipwa kwa singa baada ya makato ya kukata, kusafirisha na kusindika, ndiye atakayepunjwa.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza, mahali ambapo sitapataja, urari ulinikataa kwa shilingi 54,000. Siku mbili nilipekua leja bila kumwambia mtu, nikidhani mhasibu wa kweli haombi msaada. Siku ya tatu mhasibu mkuu akanisimamia mgongoni. "Mwanangu, umeigawanya kwa tisa?" Nikagawanya, ikatoka 6,000 kamili. "Basi umepindua tarakimu. Tafuta mbili zilizokaa jirani, zinazopishana kwa sita." Haikupita robo saa nikaiona: malipo ya wakataji, vocha ikisema 82,600, mimi nikaandika 28,600. Hakunigombeza. Alinivutia kiti, akanieleza kwa nini hesabu huwa hivyo. Siku ile nilipata ujuzi, na pia ruhusa ya kuuliza. Nathubutu kusema hiyo ruhusa ilinifaa zaidi.

Hapa Korogwe tunayo sababu nyingine ya kutoziamini karatasi peke yake. Kuanzia mwaka 1944 SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, ilikuwa ikikusanya watu kutoka mbali na kuwaleta kwenye mashamba ya mkonge. Tuliwaita manamba, kwa kuwa walitambuliwa kwa namba. Kazi yao iliandikwa kwenye kipande chenye siku 30, na siku isiyotiwa alama haikulipwa. Karani aliyeruka alama moja alikula jasho la mtu asiyemjua hata kwa jina. Kijana anayeandaa orodha ya mishahara leo anakalia kiti cha karani yule.

Sidharau vyeti. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilianzishwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972, wakati nchi ikiwa na upungufu mkubwa wa wahasibu wake yenyewe, na mitihani yake ya Mei na Novemba imetujengea taaluma inayoheshimika. Fanya mitihani hiyo mapema, kabla majukumu hayajakuzidi. Lakini siku bosi atakapokuletea vocha isiyo na viambatisho akisema "pitisha tu, tutaleta kesho", jina la cheti halitakusemea. Utahitaji kuijua kanuni kwa kifungu, kujua kazi yenyewe inafanyikaje, na kusema kwa adabu: "Samahani mzee, naomba stakabadhi kwanza." Hati chafu nyingi huanzia kwa kijana aliyejua na akanyamaza.

Ombi langu ni kwa waajiri na wahasibu wakuu wa Korogwe na Handeni. Msimfungie kijana kwenye dawati la masurufu miaka miwili, kisha mkamlaumu kwamba hajui kufunga hesabu. Mpeni mzunguko mzima, kuanzia stakabadhi ya kwanza hadi mizania, mkimsahihisha njiani. Na atakayeripoti Julai hii, mwaka wa fedha ukianza, mpelekeni korona kwanza, kabla hamjamwonyesha kiti chake.