Njia ya mwongo ni fupi: kontrola ya mafuta kwenye injini ya tabo

Tangu tulipoongea kwenye podikasti kuhusu magari yetu ya kwanza, ujumbe unaoingia ni Subaru tupu. Hatushangai. Wazee wengi waliotoka Kenya wanakumbuka Impreza zikishinda Safari Rally, Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, na baadhi yao walituambukiza ugonjwa huo tukiwa wadogo hapa hapa Uingereza.

Kati ya ujumbe huo kuna mmoja ulionifanya niweke pembeni mada niliyokuwa nimeipanga. Kijana ana miaka 22 na Impreza ya tabo ya miaka ya 1990. Ameshapandisha presha ya tabo, sasa amenunua kontrola ya mafuta iliyotumika. Anasema nyaya ni chache, mchoro anao, na Jumamosi anataka kuifunga mwenyewe nje ya nyumba. Baba yake anamwambia ataua injini. Anauliza: nani ana haki hapo?

Wote wawili, mdogo wangu. Kuifunga unaweza. Na injini unaweza kuiua, tena bila kukosea waya hata mmoja. Ngoja nieleze.

Kontrola haiongezi mafuta

Jina lenyewe linatupoteza. Ukisikia "kontrola ya mafuta" unadhani ni kama bomba, unafungua mafuta yanakuja. Sivyo inavyofanya kazi.

Anza na kontroli boksi, hivyo ndivyo mafundi wa nyumbani wanavyoiita kompyuta ya injini. Kazi yake kubwa ni kujua hewa kiasi gani inaingia. Kwenye Impreza nyingi za wakati huo, ndani ya njia ya hewa kuna sensa yenye waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto ndio unaoonyesha wingi wa hewa. Habari hiyo inafika kwa kompyuta kama volti, kati ya 0 na 5. Kompyuta inapiga hesabu: hewa ni kiasi hiki, basi injekta zikae wazi milisekunde kadhaa.

Petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta ili vyote viungue bila mabaki. Lakini tabo ikisukuma kwa nguvu, injini nyingi zinatakiwa zipewe mafuta zaidi, hewa ikiwa gramu 11 au 12 hivi kwa gramu moja. Mafuta ya ziada yanapoza chumba cha moto. Yakipungua pale, joto linapanda haraka sana.

Sasa kontrola, kwa mfano ile SAFC ya A'PEXi, inakaa katikati ya sensa ya hewa na kompyuta. Inapokea volti za sensa, inazipunguza au kuziongeza kwa asilimia uliyoweka, halafu inazipitisha. Injekta haizigusi kabisa. Inachofanya ni kumdanganya kompyuta kuhusu hewa, na kompyuta, akiamini, anabadilisha mafuta mwenyewe.

Uongo huo una matumizi mazuri. Tuseme umetoa injekta za sisi 440 kwa dakika ukaweka za 550. Kompyuta hajui. Akizifungua muda ule ule wa zamani, mafuta yatafurika. 440 gawanya kwa 550 ni 0.8, kwa hiyo unamwambia hewa imepungua kwa asilimia 20. Anafupisha muda, injekta kubwa zinafidia, hesabu inakaa karibu na sawa.

Uongo mmoja, majibu mawili

Tatizo ni kwamba kompyuta haitumii ile habari ya hewa kwa mafuta peke yake. Anaitumia pia kuamua taimingi, yaani plagi ipige cheche wakati gani. Hewa ikiwa kidogo, injini ina mzigo mdogo, basi cheche inaweza kupigwa mapema. Hewa ikiwa nyingi, cheche inacheleweshwa ili presha isipande kabla pistoni haijafika juu.

Umeshaona mtego? Ukimwambia hewa imepungua asilimia 20 wakati tabo inasukuma kwa nguvu zote, atakata mafuta kama ulivyotaka, halafu atawahisha cheche, jambo ambalo hukuliomba. Hapo injini inaanza kugonga: sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio. Kuna sensa ya kusikiliza mgongo huo, na kompyuta atajaribu kurudisha taimingi nyuma, lakini uwezo wake una mpaka. Ukiendelea kukanyaga, kingo za pistoni zinazoshika ringi zinavunjika, au uso wa pistoni unayeyuka. Hii ndiyo njia ya kuua injini huku kila waya uko mahali pake.

Wewe uliyepandisha presha bila kubadilisha injekta una hatari nyingine. Unahitaji kuongeza, na ukimwambia kompyuta hewa ni zaidi, angalau taimingi inarudi upande wa usalama. Lakini injekta zina mwisho. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, mzunguko mzima wa kazi kwa kila silinda unachukua milisekunde 20. Injekta ikishakaa wazi milisekunde 17 au 18 kati ya hizo, imebaki nafasi ndogo sana. Ukiweka asilimia 10 au 15 juu yake, kwenye kioo cha kontrola namba itabadilika, kwenye silinda mafuta hayaongezeki. Vivyo hivyo pampu ya mafuta ikichoka. Na sensa ya hewa ikishafika mwisho wa kipimo chake, kompyuta hajui tena kinachoendelea hata bila wewe kumdanganya.

Jumamosi yenyewe

Ukishaelewa hayo, kazi ya nyaya ni ya subira tu. Tafuta mchoro wa nyaya wa mwaka na modeli ya gari yako kamili, maana mpangilio wa kontroli boksi hubadilika hata kwa magari yanayofanana kwa nje. Toa waya wa hasi kwenye betri kabla ya kugusa chochote.

Nyaya karibu zote unaziunganisha pembeni bila kukata za gari: umeme, ethi, mizunguko ya injini, na akseleta. Umeme uchukue kwenye waya wa kontroli boksi unaowaka ufunguo ukifunguliwa na kuzimika ukifungwa. Ukichukua ule unaowaka saa zote, asubuhi utakuta betri imekufa.

Waya unaokatwa ni mmoja, ule wa sensa ya hewa. Upande unaotoka kwenye sensa unaingia kontrola, upande wa kompyuta unapokea kutoka kontrola. Kuanzia hapo, kontrola ikizimika au kiungo kikilegea, kompyuta hapati habari ya hewa, na injini inaweza kuzima ukiwa katikati ya barabara kuu. Kwa hiyo usisokote nyaya ukazungushia tepu. Lehemu kwa risasi, halafu vika mpira wa kusinyaa kwa joto. Chukua saa nzima kwa kiungo hicho ukihitaji.

Ethi ndiyo wengi wanaikosea. Usifunge kwenye skrubu yoyote ya bodi iliyo karibu. Peleka kwenye ethi ya kontroli boksi yenyewe. Sababu ni hesabu: sensa ikisoma volti 2, na ethi mbili zikapishana kwa volti 0.1 tu, umeshapata kosa la asilimia 5. Na kwa kuwa kipimo cha sensa hii hakipandi kwa mstari ulionyooka, kosa la hewa linakuwa kubwa kuliko hilo la volti.

Halafu hili, kwa sababu yako imetumika: kabla ya kupiga stati, rudisha mipangilio yote sifuri. Ndani yake huenda kuna namba za mwenye gari wa kwanza, aliyeweka labda kupunguza asilimia 15 kwa injekta zake kubwa. Kwenye injini yako hiyo ni sumu. Chagua pia aina ya sensa ya gari yako na idadi ya silinda. Kila kitu kikiwa sifuri, gari inatakiwa itembee sawasawa na jana. Pima volti kabla ya kontrola na baada yake kwa testa. Zikitofautiana, bado hujamaliza kazi ya nyaya.

Usikanyage bado

Sasa gari inawaka, inanguruma vizuri, na mguu unawasha. Subiri.

Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inamsaidia kompyuta kujisahihisha. Ukidanganya pale, baada ya muda anajifunza na kuufuta uongo wako, kwa hiyo utadhani umeweka vizuri. Ukikanyaga hadi chini anaacha kujisahihisha na anafuata jedwali lake. Pale ndipo uongo unafanya kazi bila mtu wa kuuangalia, na ndipo presha iko juu kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha namba hata moja, nunua kipimo cha oksijeni cha masafa mapana, kile kinachoonyesha uwiano halisi wa hewa na mafuta. Ile sensa ya zamani ya kiwandani haiwezi kazi hiyo. Kisha lipia muda kwenye mashine ya rola kwa fundi anayesikiliza mgongo wa injini akiwa na vifaa vyake. Kama pesa inatosha kontrola au kipimo, nunua kipimo. Huko ukiambiwa injekta zimefika mwisho, shusha presha mpaka utakapobadilisha. Na kama gari yako ni ya baadaye, yenye kompyuta inayoweza kuandikwa upya, achana na kontrola kabisa: programu mpya inabadilisha mafuta na taimingi kwa pamoja, bila kumdanganya mtu.

Kuna mwingine wa kuambiwa ukweli

Bima. Presha iliyopandishwa ni badiliko, kontrola ni badiliko. Kampuni ikikuuliza kama gari imebadilishwa, sheria ya Uingereza ya mwaka 2012 inakutaka uwe mwangalifu usitoe habari ya uongo. Ukidanganya kwa makusudi wanaweza kuufuta mkataba na kukataa dai lako, na bima iliyofutwa utaulizwa kila unapoomba nyingine. Wapigie simu kabla ya Jumamosi. Bei itapanda, najua. Ukiiona haiwezekani, umeokoa hata gharama ya kontrola.

Na kwenye ukaguzi wa MOT, gari za petroli zenye kichujio cha moshi hupimwa lambda, ambayo kwa kawaida inatakiwa iwe kati ya 0.97 na 1.03. Kontrola iliyowekwa ovyo kwenye mizunguko ya chini itakuangusha pale pale.

Neno la wiki

Kunoki. Ukiwaambia mafundi wa Nairobi au Dar "injini yangu inanoki" ukimaanisha inagonga, watakupa pole ya msiba. Kwao injini iliyonoki imeshakufa, inasubiri kufunguliwa. Ya kwako inayolia sema "inagonga", maana hiyo bado inaweza kuokolewa.

Mdogo wangu, mwonyeshe mzee makala hii, halafu mwombe akushikie taa Jumamosi. Na wengine wenye tabo, tuandikieni: presha mmeweka ngapi, na mlipima na nini? Majibu tutayasoma kwenye kipindi kijacho.