Bwana Shamba Anasema: Soma Jina Dogo la Dawa

Mwezi huu tuzungumze juu ya majina ya dawa za mifugo.

Mfugaji mmoja wa wilaya ya Kishapu alikuwa na ng'ombe mgonjwa wa ndigana baridi. Alikwenda dukani, akanunua chupa mbili za dawa. Kila chupa ilikuwa na jina lake kwa herufi kubwa. Akamchoma ng'ombe sindano za dawa zote mbili siku moja. Baadaye alinionyesha chupa zile. Nilisoma herufi ndogo chini ya majina. Dawa ilikuwa ni ile ile! Alilipa mara mbili, na ng'ombe alipata dawa kupita kipimo.

Kumbuka, ndugu mfugaji, dawa ina majina mawili. Jina kubwa limetungwa na kampuni. Kila kampuni ina lake. Jina dogo ni la dawa yenyewe. Hilo halibadiliki.

Dawa ile ni oksitetrasaiklini. Wengi tunaiita OTC. Jina ni refu, lakini tulikate vipande. "Oksi" ni oksijeni. "Tetra" ni nne kwa Kigiriki. "Saikli" ni duara. Maana yake, dawa hii imejengwa kwa pete nne zilizoshikana, na oksijeni imeongezwa.

Kampuni ya Pfizer ya Marekani iliitangaza mwaka 1950 kwa jina la Terramycin. "Terra" ni udongo kwa Kilatini. Dawa ilipatikana kwa kijidudu cha udongoni kiitwacho Streptomyces rimosus. "Rimosus" maana yake ni chenye nyufa. Kikioteshwa, uso wake hupasuka kama mbuga zetu za Shinyanga wakati wa kiangazi.

Kwa nini nakueleza haya? Dawa hii huingia katika maziwa na nyama. Ng'ombe wetu huuzwa mnadani. Nyama yao huliwa mpaka kwenye machimbo ya Geita. Tetrasaiklini wanayotumia watu ni ndugu wa dawa hii. Vijidudu vikiizoea dawa, siku tukiugua haitatusaidia.

Basi fanya hivi:

1. Kabla ya kulipa, tafuta jina dogo. Kwa OTC, tafuta herufi hizi: O, X, Y, T, E, T, R, A.

2. Ukiwa na chupa mbili, linganisha majina madogo. Yakiwa sawa, rudisha moja.

3. Soma idadi ya siku za kungoja kabla ya kukamua maziwa ya kunywa au kuchinja. Usipoielewa, muulize mtaalamu wa mifugo.

4. Usimpeleke mnadani ng'ombe ambaye siku zake hazijatimia.

Ndugu msomaji, umejitahidi kujifunza kusoma. Usiishie kwenye herufi kubwa. Mara nyingi neno lenye faida limeandikwa kwa herufi ndogo.