Range Rover Sport, Mlima wa Timboroa na Kiwanja cha Kilifi

Mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa na kuhamia Plateau, karibu na Eldoret, ametuletea swali lililotushughulisha wiki nzima. Mumewe ni mfanyabiashara wa nafaka, na Mwenyezi Mungu amemjaalia riziki pana. Sasa ameutamani mtindo mpya wa Range Rover Sport, uliozinduliwa mwaka 2022, lakini fedha zimepunguka kidogo, naye apendekeza kiuzwe kiwanja cha mkewe kilichoko Kilifi, alichokirithi kwa babake. Mama auliza kama gari hilo lastahili gharama hiyo, na kama lastahili, wachukue lipi katika aina zake.

Tuanze na kiwanja, kwani jawabu lake ni fupi. Mali ya mke ni ya mke. Sheria yetu haimpi mume mamlaka juu ya urithi wa mkewe; akitoa kwa ridhaa yake itakuwa ni hiba au ni deni, na ikiwa ni deni basi liandikwe na lishuhudiwe. Sisi twaona asikiuze. Gari jipya huanza kupoteza thamani siku ile ile linapotoka dukani, na hatujui sababu ya ardhi ya pwani kugeuzwa chuma kinachochakaa. Kama fedha hazitoshi, benki zinazofuata sheria za Kiislamu zimekuwepo Kenya tangu mwaka 2008, nazo hununua gari na kumuuzia mteja kwa murabaha, faida ikijulikana tangu mwanzo. Njia nyepesi zaidi ni kuchagua gari la bei ya chini, na hapo ndipo penye mazungumzo.

Anayenunua gari Mombasa hulijaribu usawa wa bahari, kwenye barabara tambarare, hewa ikiwa nzito. Plateau iko juu ya mita 2,100, na njia kuu ya kutoka Nairobi hupanda zaidi ya hapo inapopita Timboroa, kabla ya kuteremka Burnt Forest. Huko hewa ni nyepesi kwa zaidi ya humusi moja ukilinganisha na ya Mombasa. Ndiyo sababu wanariadha kama Eliud Kipchoge hujifunza mbio Kaptagat, jirani na Plateau: kifua kizoee uhaba wa hewa. Injini nayo yapumua. Injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo gari lililoonekana jepesi Nyali litalemewa likifika Timboroa lina watu na mizigo. Tabo, ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini, hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Injini zote za Range Rover Sport hii zina tabo, na katika hilo bwana huyu hakukosea kupenda.

Lakini ipi? Muuzaji huenda akamsifia ile ya silinda nane, P530, inayofika kilomita 100 kwa saa katika sekunde 4.5. Ile ya silinda sita ya petroli, P400, huchukua sekunde 5.7. Tofauti hiyo ni kidogo kuliko muda wa kufunga mkanda, na sheria yetu hairuhusu kuzidi kilomita 100 kwa saa kwenye barabara kuu ya njia moja. Kinachohitajika Burnt Forest ni nguvu ya kulipita lori la mahindi upesi na kurudi upande wako kwa salama. Kwa kazi hiyo twaipendelea dizeli ya silinda sita, D350, yenye mvuto wa nyutonimita 700 ilhali P400 ina 550, na ambayo hula mafuta kidogo zaidi. Ila ina sharti lake. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha gari likienda mwendo mrefu na injini ikapata moto. Kama matumizi yake ya kila siku yatakuwa kupeleka watoto shule na kurudi, litaziba. Hapo petroli ni afadhali.

Iko pia aina inayochajiwa umeme nyumbani huku ikiwa na injini ya petroli. Mota ya umeme haihitaji hewa, kwa hivyo mwinuko hauidhuru, na safari ya Plateau hadi Eldoret na kurudi yaweza kwisha bila kuchoma mafuta. Uzito wake lakini wakaribia tani 2.7, na tani hizo zote zitateremka kuelekea Nakuru zikitegemea breki. Dereva wake ajifunze kushusha gia mlimani, asikanyage breki mfululizo.

Katika nyongeza, pesa nyingi hupotea kwenye magurudumu. Gari hili huuzwa hata na rimu za inchi 23, ambazo picha zake zapendeza sana. Rimu kubwa maana yake ni tairi jembamba ubavuni, na tairi la namna hiyo likiingia shimo la barabara ya shamba msimu wa mvua hupasuka, nalo halipatikani katika kila duka. Achukue inchi 21, na aulize kama kuna tairi kamili la akiba. Paa la kioo twaweza kulikosa. Viti vinavyopoza mgongo ni rehema Mombasa mwezi wa Februari, na vinavyopasha joto ni rehema Plateau alfajiri. Mama asione haya kuvidai vyote viwili. Springi za hewa hulishusha gari kiasi cha sentimita 5 mtu anapopanda, jambo ambalo mwanamume hulidharau na aliyevaa buibui huku amebeba mtoto hulithamini.

Tumebakisha jambo ambalo barua haikulitaja. Mama ana watoto watatu, na mavyaa wake aishi nao. Hao ni watu sita, na Range Rover Sport ya mtindo huu ina viti vitano. Kila likizo familia hushuka Mombasa, safari ya kilomita 800 hivi. Nani atabaki? Wakiwa na gari la pili la safari, sawa. Wakiwa hawana, gari hili haliwafai kwa uzuri wake wote. BMW X5 huagizwa na safu ya tatu ya viti, japo ni ya watoto tu. Land Cruiser Prado mpya, iliyotoka mwaka 2023, haina madaha ya mbio. Dizeli yake ya lita 2.8 ina nguvu za farasi 204. Lakini yapatikana na viti saba, mlima huupanda bila haraka, na vipuri vyake mafundi wa Eldoret wamevizoea. Kwa familia hii, rai yetu ni Prado.

Wakishikilia Range Rover, wasikimbilie jipya. Kenya huruhusu gari lililotumika lisilozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na Uingereza nao huendesha usukani ukiwa kulia kama sisi, hivyo mtindo wa 2022 tayari waweza kuagizwa kutoka huko. Likaguliwe uvunguni kwa kutu, maana barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na kitabu cha huduma kisomwe ukurasa kwa ukurasa. Likifika, majaribio yafanyike mlimani, watu wote wakiwa ndani. Na kabla ya kulipa arubuni, mavyaa aketishwe kiti cha nyuma kwa nusu saa, kisha aulizwe magoti yake yasemaje.