Butembo: Tuliomba lami, tusiimwagie mafuta

Kwenye barabara ya udongo, mafuta ya moteri yakidondoka kutoka kwenye lori yananyonywa na vumbi, na hakuna anayejali. Kwenye lami mambo ni mengine. Mafuta yanabaki juu, na mvua ikianza kunyesha yanaelea juu ya maji, njia inateleza kama sabuni. Wa kwanza kuanguka ni motari aliyebeba mama na mtoto, anapofunga freni kwenye kona ya mteremko.

Wakaaji wa Kasindi, Beni na Butembo walidai barabara hii kwa miaka mingi. Kazi za kuitengeneza zilianzishwa mwaka 2021, kwa makubaliano ya Kongo na Uganda. Maoni yangu ni haya: wenye malori na mafundi wa garaji wana deni kwa barabara hiyo, na deni lenyewe ni dogo. Ni kisanduku cha chuma cha lita mbili au tatu, kilichofungwa karibu na moteri.

Wengi wanadhani kila tone linatoka kwenye jwenti iliyochoka. Mara nyingi linatoka kwenye tiyo ya kupumulia. Moteri ikifanya kazi, sehemu ya moshi inapenya pembeni ya pistoni, inapita segma na kuingia karteri. Ikikosa pa kutokea, presha inapanda. Ndiyo sababu moteri ina tiyo hiyo, na kwenye malori mengi ya zamani inaelekea chini, wazi. Moteri ikizeeka moshi unazidi, unatoka pamoja na mvuke wa mafuta. Lori linapanda mlima na mzigo, nyuma linaacha mstari mweusi.

Kuna shofere anayeziba tiyo kwa kipande cha mti ili mafuta yasionekane. Huko ni kuua moteri. Presha itasukuma mafuta kwenye jwenti na spi, na hasara itakuwa kubwa zaidi.

Dawa inajulikana. Huko Marekani kuna mbio ambamo magari mawili yanashindana kwenye njia iliyonyooka, kwa kawaida mita 402, yaani robo ya maili. Moteri zao zinalazimishwa kutoa nguvu nyingi sana, kwa hiyo moshi unaopenya ni mwingi. Magari hayo yanawekewa kisanduku cha kunasa mafuta ya tiyo ya kupumulia, na timu inayomwaga mafuta njiani inaweza kuadhibiwa. Sababu ni moja: gari lingine litapita hapo hapo. Kama watu wa michezo wanamfikiria anayekuja nyuma, sisi ambao lori, motari na watoto wa shule tunagawana njia moja, tunangoja nini?

Fundi yeyote mzuri wa kuchomelea vyuma anaweza kukitengeneza. Atumie tole safi. Bidoni ya plastiki itayeyuka ikikaribia eshapma, na chombo kilichowahi kuwekwa benzini kinaweza kulipuka kikichomelewa. Mpira wa kuingiza moshi uwe na upana sawa na tiyo ya moteri, na uingie upande, karibu na juu. Ndani aweke vibao viwili vya tole vinavyopishana, ili moshi uvigonge na mafuta yadondoke chini. Juu kuwe na tundu kubwa la hewa lenye filtri, chini robine ya kumwagia. Mpira usilegee katikati, kwa maana maji na mafuta yatatuama hapo na kuziba njia.

Na asirudishe moshi huo kwenye njia ya hewa inayoingia moteri kama hana ujuzi wa kazi hiyo. Moteri ya mazuti ikianza kuvuta mafuta yake yenyewe, inaweza kukimbia bila kuzimika hata ukitoa ufunguo.

Wenye malori watajibu kwamba kisanduku hakiponyi moteri iliyochoka. Ni kweli, lakini kinatoa habari zake. Kikianza kujaa haraka kuliko mwanzo, mwenye lori anajua segma zimekwisha kabla hajalala porini na mzigo wa watu. Asiyarudishe mafuta hayo ndani ya moteri, kwani yamechanganyika na maji na uchafu. Asiyamwage mtoni pia. Yawekwe kwenye pipa la mafuta machafu garajini.

Naomba mambo mawili. Kwanza, vyama vya wenye malori vikubaliane na mafundi bei moja, ili mwenye lori moja asinyonywe. Pili, wale wanaokagua magari wasiishie kwenye karatasi. Wainame, watazame chini ya moteri. Lakini asitozwe mtu amende siku ya kwanza. Apewe muda wa kutengeneza, kisha gari likaguliwe tena. Sote tunajua namna amende ya barabarani inavyoweza kuishia mfukoni mwa mtu, huku mafuta yakiendelea kudondoka.

Serikali ina kazi yake ya kutunza barabara, nasi redioni tutaendelea kuikumbusha. Lakini tone linalotoka chini ya lori lako halingoji waziri. Motari anayekufuata hana kabini ya kumkinga. Mwachie njia anayoweza kufungia freni.