Mtoto Asiyeona Ubao



Mtoto akaa nyuma darasani. Mwalimu aandika hesabu ubaoni, naye anakili tarakimu zisizokuwapo. Nyumbani aitwa mvivu. Jirani anong'ona kwamba amerogwa. Kumbe akili anazo: haoni mbali.

Jicho ni kama chumba chenye dirisha mbele na ukuta nyuma. Picha ya kitu yapasa kuangukia ukuta huo, uitwao retina. Jicho likirefuka mno katika kukua, picha huanguka mbele ya retina: vya karibu vyaonekana vizuri, vya mbali vyakuwa kama ukungu. Urefu ukizidi milimita moja tu, ubao hausomeki.

Hali hiyo yatoka wapi? Kwa sehemu ni urithi. Lakini si jeni moja: kufikia mwaka 2020 wataalamu walikwisha kutambua sehemu zaidi ya 400 za urithi wetu zinazohusika, kila moja ikichangia kidogo, nazo hutoka kwa baba na kwa mama. Basi mume asimlaumu mkewe, wala mke asiutukane ukoo wa mumewe.

Tena urithi ni mbegu. Malezi ni udongo. Mjini Guangzhou, Uchina, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: baada ya miaka mitatu, watoto 30 hivi katika 100 walipatwa na hali hiyo, kati ya wenzao wasioongezewa, karibu 40. Yadhaniwa kwamba mwanga mwingi huamsha dopamini ndani ya jicho, nayo hulizuia lisirefuke upesi.

Sisi wa Kolwezi hatukosi jua. Lakini tusikosee: uwanja wa kuchezea si mgodi. Mtoto aoshaye mawe ya shaba na kobalti yuko nje, ni kweli, ila vumbi lamdhuru na kazi yamnyang'anya shule. Acheze mpira na wenzake, wala asilikazie jua macho.

Jicho lililokwisha kurefuka halifupishwi na matone ya sokoni wala majani. Miwani ndiyo msaada, wala si kweli kwamba huharibu macho.

Basi, kabla ya kumchapa mtoto kwa alama mbaya, mfunike jicho moja, kisha la pili, asome kibao cha duka ng'ambo ya barabara. Akishindwa, mpelekeni kwa mganga wa macho. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.