Wafundisheni kwa data chafu

Na Zuhura Makame

Kijana anayetaka kujifunza kanzidata leo haanzi kwa kutafuta chuo wala ada. Anafungua somo kwenye kivinjari, anaandika swali lake kwa SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, na jibu linarudi papo hapo bila kusakinisha chochote. Khan Academy wana somo la namna hiyo tangu 2015. MongoDB University wanafundisha bure. DataCamp wana mazoezi yanayofanyika hata kwenye simu. Na sasa majukwaa haya yanashindana kuongeza msaidizi wa akili mnemba: unamweleza kwa maneno ya kawaida unachokitaka, naye anakuandikia swali zima. Ukikosea, anakufafanulia kosa.

Hicho cha kufafanua kosa nakipokea kwa mikono miwili. Mtu anayejisomea peke yake usiku, hana mwalimu wa kumwuliza, akikutana na ujumbe wa kosa ulioandikwa kwa Kiingereza cha mafundi, mara nyingi huishia hapo hapo. Leo anaweza kuelezwa taratibu, hata kwa Kiswahili. Wapo watakaovuka kwa sababu hiyo tu.

Ninachokihofia ni kule kuandikiwa jibu, kwa sababu makosa mabaya ya kanzidata hayana ujumbe wowote.

Chukua zahanati yenye majedwali mawili. La kwanza lina watoto wote waliosajiliwa, kila mmoja na namba yake. La pili lina waliopata chanjo ya surua. Unataka orodha ya ambao hawajachanjwa ili mhudumu wa afya ngazi ya jamii awafuate nyumbani. Njia inayokuja haraka ni kuiambia kompyuta: nipe kila mtoto ambaye namba yake haimo katika jedwali la pili. Kwa SQL ni maneno mawili tu, NOT IN. Sasa tuseme muuguzi mmoja, siku ya foleni ndefu, aliingiza chanjo akaacha nafasi ya namba wazi. Nafasi hiyo moja inatosha kuharibu kila kitu. Kompyuta haiwezi kuthibitisha kwamba mtoto huyu siye yule aliyeandikwa bila namba, kwa hiyo haimtoi. Wala haimtoi anayefuata, wala mwingine yeyote. Orodha inarudi tupu. Hakuna maandishi mekundu, hakuna onyo. Anayeisoma ataamini kwamba kijiji kizima kimechanjwa.

Programu haijaharibika hapo. Ndivyo kanuni za SQL zilivyo: mbali na kweli na si kweli, ipo hali ya tatu, haijulikani, na mstari ulioangukia huko hauletwi. Anayelijua hilo ataandika swali lake kwa NOT EXISTS, au ataziondoa kwanza nafasi zilizo wazi. Asiyelijua atapokea alichoandikiwa na kukipeleka kwenye kikao cha halmashauri. Na msaidizi wa akili mnemba, hata akiwa hodari, haoni kilichoachwa wazi na muuguzi mpaka mtu ajue kumwuliza. Vivyo hivyo kwa kuunganisha majedwali: mama aliyehudhuria kliniki mara nne anahesabiwa kuwa mama wanne, na takwimu inapanda kimya kimya.

Kwa nini wahitimu wa kozi hizi wanayakosa mambo ya msingi kiasi hiki? Kwa maoni yangu ni kwa sababu ya data wanayofundishiwa. Mara nyingi ni majedwali ya filamu au duka la muziki, yamepangwa vizuri, kila nafasi imejazwa, kila jina limeandikwa kwa namna moja. Hakuna Mwanaidi aliyeandikwa pia Mwana Idi. Hakuna tarehe ya kuzaliwa iliyo mbele ya leo.

Inawezekana kufanya tofauti, na imekwisha kufanyika. Jennifer Widom wa Chuo Kikuu cha Stanford alifundisha moja ya kozi tatu za chuo hicho zilizofunguliwa kwa dunia nzima mwaka 2011, na yake ilikuwa ya kanzidata. Katika zoezi lake la alama za filamu, baadhi ya tarehe ziliachwa wazi makusudi, na mwanafunzi alitakiwa kuzitafuta. Khan Academy nao, walipomleta msaidizi wao, Khanmigo, mwaka 2023, walimtengeneza awe anamrudishia mwanafunzi swali badala ya kumpa jibu. Huyo ndiye msaidizi ninayemtaka kwenye kila jukwaa la kanzidata. Kabla ya kuandika lolote amwulize mwanafunzi: je, kuna nafasi zilizo wazi katika safu hii? Unatarajia mistari mingapi?

Jambo hili si la wataalamu wa Marekani peke yao. Kenya imekuwa ikikusanya takwimu za afya nchi nzima kwa mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, tangu 2011, na Tanzania inautumia pia. Vijana wanaojifunza kwenye simu ndio watakaokaa mbele ya mifumo hiyo. Wengine wamekwisha kukaa, na wakikwama watashawishika kubandika rekodi halisi za wagonjwa kwa msaidizi wa mtandaoni. Wasifanye hivyo hata kidogo. Sheria ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mgonjwa hakuziacha dirishani ili zifanyiwe mazoezi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kompyuta katika vyuo vyetu watutengenezee data ya mazoezi ya hapa hapa: zahanati ya kubuni, majina ya kubuni, lakini kasoro za kweli zinazopatikana kwenye madaftari yetu. Programu ya kanzidata ya SQLite ni ya bure, kanzidata yake nzima hukaa katika faili moja, inaingia kwenye flashi na haihitaji intaneti. Likizo moja inatosha kuianza kazi hiyo, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaweza kushiriki kuiandaa.